KHABARI ZA MWALIMU WA BUTIAMA
na jinsi mapenzi ya moyo yanavyokuwa kazi ya kuwafaa watu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, watu wenye mapenzi ya kheri ni wengi, walakini ambao mapenzi yao huwafaa wenzao ni wachache. Huyu huwaonea uchungu mayatima, akalia, kisha akalala. Yule hupenda ilimu, akakusanya vitabu sandukuni hata vikaliwa na mchwa. Na mwingine hutoa fedha nyingi siku moja mbele za watu, asiulize tena zilikwenda wapi. Hao si watu waovu. Ila moto wao haukupata chungu cha kupikia.

Kwa sababu hiyo nimeona vyema kuandika khabari za mtu mmoja wa nchi ya Mara, Julius Kambarage Nyerere, ambaye mapenzi yake makubwa yalikuwa kufundisha. Hakuwa wa dini yetu, bali alikuwa Mkristo; na mtu mwenye akili hachelei kutwaa mazingatio kwa jirani yake. Wala hatutamsifu kupita kiasi, wala hatutaficha alipokosea, maana sifa isiyo na mizani haimfai aliyekufa wala aliye hai.

KUZALIWA KWAKE NA KUSOMA KWAKE

Mtu atokaye Bunda kwenda Musoma huiacha Butiama upande wa kuume wa njia, penye vilima na mawe makubwa. Hapo ndipo alipozaliwa Kambarage, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake alikuwa Burito Nyerere, mtemi wa Wazanaki, mwenye wake 22. Na mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Basi usidhani kwamba mtoto wa mtemi alilelewa juu ya mito ya hariri. Alichunga mifugo kama watoto wenziwe, akalala katika nyumba ya mama yake.

Yasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, nchi iliyo katika Bunda ya leo, alikuwa akija kwa Burito na kucheza bao na kijana huyo, akastaajabia akili yake, akamshauri baba yake ampeleke chuoni. Tazama jinsi kheri inavyoanza: mtu mmoja aliona kipaji cha mtoto asiye wake, naye hakunyamaza.

Mwaka 1934, Kambarage alipokuwa na umri wa miaka 12, alikwenda Musoma, mwendo wa maili 26, akaingia katika skuli ya Mwisenge. Mwaka 1937 akaenda Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere katika Uganda kujifunza ualimu. Mwaka huo ndio aliobatizwa. Aliporudi alifundisha katika skuli ya St. Mary's huko Tabora tangu 1946 hata 1949, na jioni akiwafundisha watu wa mjini Kiingereza bila ya malipo. Kisha akaenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada ya chuo kikuu.

NYUMBA YA TOFALI

Alipofika kwao, watu walitazamia kumwona bwana mkubwa. Yeye akavua viatu, akaingia katika udongo, akajenga nyumba kwa mikono yake pale Butiama kabla ya kumwoa Maria Gabriel mwezi wa Januari 1953. Majirani walishangaa kumwona msomi wa Ulaya akikanyaga matope. Jambo hilo ni dogo, walakini ndani yake mna siri kubwa: mtu anayetaka kuwatumikia watu hana budi kuanza na ile kazi ambayo wao huifanya kila siku na wasomi huionea haya.

ALIPOACHA MSHAHARA

Mwaka 1953 alipata kazi ya kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, na mwaka huo huo akachaguliwa kuwa rais wa chama cha Waafrika, TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Hapa ndugu msomaji simama kidogo. Kuipenda nchi, wengi waliipenda. Na wengine waliipenda kabla yake na kuisumbukia zaidi ya miaka ishirini. Walakini mapenzi ya watu mbalimbali, kila mmoja barazani pake, hayana nguvu. Kilichofanywa ni kuyatia mapenzi hayo katika chama chenye kadi, na ada, na matawi, na mikutano yenye siku zake, hata mkulima wa kijijini akajua atoe nini, ampe nani, na kwa ajili ya jambo gani.

Wala hakuifanya kazi hiyo peke yake. Abdulwahid Sykes na wazee wa Dar es Salaam walimpokea mgeni huyo wa kutoka bara, na wengi wao walikuwa Waislamu. John Rupia, mfanyabiashara, alitoa mali yake. Dossa Aziz alitoa gari lake kwa kazi ya chama. Bibi Titi Mohamed alikwenda kwa wanawake katika vyama vyao vya ngoma, akawaingiza katika TANU kwa maelfu. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho: huyu fedha, huyu gari, huyu sauti yake. Mwalimu hakuwa na fedha, wala gari. Alikuwa na ulimi wa kufahamisha, na mshahara wa skuli.

Basi mwezi wa Machi 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Tanganyika. Aliporudi aliambiwa achague, ama ualimu ama siasa. Akauacha ualimu na mshahara wake, hali ana mke na watoto wadogo. Akarudi Butiama kwa miezi kadhaa, akipata riziki kwa kumfundisha padre mmoja lugha ya Kizanaki na kufasiri maandiko. Kisha mwaka huo huo akarejea Dar es Salaam kufanya kazi ya chama. Sadaka ya kwanza ya mtu ni ile inayomwuma. Aliyetoa kilichozidi, ametoa. Walakini aliyetoa kilicho chini ya kichwa chake alalapo, huyo ndiye ambaye watu humwamini.

MWALIMU WA NCHI NZIMA

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Yeye alikuwa Waziri Mkuu, na baada ya wiki chache, Januari 1962, akakiacha cheo hicho ili azunguke nchini na kukijenga chama upya. Kisha mwaka huo huo akachaguliwa kuwa Rais. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kwa kuchukizwa na kazi ya kujenga taifa, alikasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu ya tano. Hasira yake yaweza kulaumiwa, walakini kisu alianza kujikata mwenyewe.

Hata hivyo mapenzi yake ya asili hayakumtoka. Watu waliendelea kumwita Mwalimu, na alipokuwa Ikulu alifasiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare. Walakini lililowafaa watu zaidi ni kisomo cha watu wazima. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, watu wazima wapatao wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ukafanywa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee na akina mama wakakaa chini ya miembe na vibao vyao. Mwaka 1973 watu wapatao 2,000,000 walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio katika somo lililoitwa Mtu ni Afya. Nao hawakuishia kusikiliza, bali walichimba vyoo na kusafisha visima. Mwezi wa Novemba 1974, katika mji ule ule wa Musoma alikoanza kusoma, TANU ilitoa Azimio la Musoma, kwamba kila mtoto aingie skuli. Baada ya miaka michache watoto wa skuli za msingi walipita 3,000,000. Na ilipofika 1986, serikali ilihesabu kwamba watu wazima wasiojua kusoma wamebaki kama mmoja katika kumi.

ALIPOKOSEA

Walakini mizani ina sahani mbili. Aliamini kwamba watu wakikaa pamoja vijijini watapata skuli, na maji, na dawa. Na imani hiyo ilikuwa ya kweli moyoni mwake. Mwanzoni waliitwa kwa hiari. Kisha mwaka 1973 ikaamriwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 wote wawe wamehamia vijijini. Mamilioni ya watu walihamishwa. Wako waliovunjiwa nyumba zao na kuchomewa moto, wakatupwa mahali pasipo maji wala rutuba. Mashamba yakawa mbali, mavuno yakapungua. Na katika skuli, kwa haraka ya kuwaingiza watoto wote, vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa waalimu kabla hawajaiva.

Hili ndilo zingatio zito kuliko yote. Mtu yule yule, kwa mapenzi yale yale, aliwafaa watu katika jambo moja na akawaumiza katika jingine. Tofauti ilikuwa nini? Katika kisomo alimpa mtu ufunguo, akafungua mwenyewe. Katika vijiji alimbeba mtu na kumtia ndani ya nyumba, asimwulize. Kheri isiyomwuliza anayepewa huweza kugeuka dhuluma, naye mtoaji asijue, kwa kuwa nia yake ni njema na macho yake yanatazama nia yake tu.

KHATIMA YAKE

Tarehe 5 Novemba 1985 aliacha urais kwa hiari yake, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika Afrika zama zile. Akarudi Butiama, akashika jembe. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akaletwa nyumbani, akazikwa Butiama tarehe 23 Oktoba. Kaburi lake liko pale alipozaliwa.

Basi ewe ndugu uliyeko Musoma ukivua samaki, nawe uliyeko Bunda ukilima pamba, usiseme kwamba haya ni ya marais. Jiulize: ni jambo gani ambalo hukutuma mtu kulipenda? Ikiwa ni ilimu, mtafute mtoto mmoja wa jirani asiyejua herufi, umfundishe jioni. Ikiwa ni wagonjwa, tafuta wenzako watano. Wekeni daftari moja na mweka fedha mmoja, na kila mwezi hesabu isomwe mbele ya wote. Anza kutoa chako kabla ya kudai cha mwenzio. Na kabla ya kumjengea mtu kisima, mwulize maji anayateka wapi, na kwa nini. Huenda kamba ndiyo iliyokatika.

Mwenyezi Mungu azijaalie nia zetu ziwe na mikono, na mikono yetu iwe na macho. Amin.