Alfred Tennyson, Malenga wa Malkia

Tangu zamani wafalme wa Uingereza wana desturi ya kumchagua mshairi mmoja awe malenga wa ufalme. Wa kwanza kupewa cheo hicho kwa hati ya mfalme alikuwa John Dryden, mwaka 1668. Malenga alipewa mshahara mdogo kila mwaka, naye alitazamiwa kutunga mashairi siku za harusi ya kifalme, au za msiba wa taifa, au za vita. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima, lakini ilikuwa na mtego ndani yake. Kwa maana mtu alaye chakula cha mfalme huona vigumu kunena neno lisilowapendeza wakubwa.

Alfred Tennyson alizaliwa tarehe 6 Agosti 1809 katika kijiji cha Somersby, upande wa mashariki wa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi, na watoto waliozaliwa nyumbani mwao walikuwa 12. Alfred alianza kutunga mashairi angali mtoto. Alipokwenda kusoma Cambridge alipata rafiki wa moyo, jina lake Arthur Hallam, ambaye baadaye alimposa dada yake. Lakini mwaka 1833 Hallam alikufa ghafula mjini Vienna, naye alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Tennyson alihuzunika mno. Tena kitabu chake cha mashairi kilichotoka kabla ya msiba huo kilikuwa kimedhihakiwa magazetini. Basi akakaa karibu miaka 10 pasipo kutoa kitabu kingine, ila hakuacha kutunga wala kusahihisha kazi yake.

Mwaka 1850 mambo yake yakageuka. Mwaka huo alioa, na pia alichapisha In Memoriam, shairi refu la kumlilia Hallam, alilolitunga kidogo kidogo kwa muda wa miaka 17. Mwaka huohuo William Wordsworth, aliyekuwa malenga wa ufalme, alifariki. Cheo kikapelekwa kwanza kwa Samuel Rogers, naye akakikataa kwa sababu ya uzee wake. Ndipo kikaletwa kwa Tennyson. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku ile aliandika barua mbili, moja ya kukubali na moja ya kukataa, akaziweka mezani mpaka amalize kula, kisha achague ipi ataipeleka. Akaipeleka ile ya kukubali.

Haukupita muda mrefu, akajaribiwa. Uingereza, Ufaransa na Uturuki walikuwa wakipigana na Warusi katika nchi ya Crimea. Tarehe 25 Oktoba 1854, mahali paitwapo Balaklava, amri ya jemadari haikufahamika vizuri, na wapanda farasi wapatao 670 wakaambiwa waishambulie mizinga ya Warusi bondeni. Mizinga ilikuwa mbele yao, na adui walikuwa pande zote mbili. Askari wakatii, wakaenda mbio. Katika muda mfupi zaidi ya 100 wakafa, na wengi wengine wakajeruhiwa.

Tennyson alisoma habari hizo gazetini akatunga shairi upesi, nalo likachapwa tarehe 9 Desemba 1854. Ndani yake aliwasifu askari kwa ushujaa wao, lakini pia alisema wazi kwamba kosa lilifanyika, na ya kuwa askari walilijua. Neno hilo lilikuwa zito kutoka kinywani mwa malenga wa malkia. Mwaka 1855, alipolitia shairi hilo katika kitabu kipya, akaliondoa lile neno juu ya kosa.

Kisha ikaja habari kutoka vitani. Padre mmoja aliyewahudumia askari alileta habari kwamba askari walilipenda sana shairi hilo, na kwamba wangefurahi kupata nakala zake. Tennyson akaona ya kwamba waliokwenda bondeni ndio wenye haki ya kwanza juu ya shairi lile. Akalirudisha neno aliloliondoa, akaagiza zichapwe nakala 1,000, zikapelekwa Crimea wapewe askari bure. Tangu hapo neno hilo halikuondolewa tena.

Kazi yake haikuwa ya vita tu. Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alipofariki mwezi wa Desemba 1861, malkia alipata faraja kwa kusoma In Memoriam. Mwaka 1862 alimwita Tennyson nyumbani kwake Osborne, katika kisiwa cha Wight, akamwambia hivyo kwa kinywa chake. Hivyo maneno yaliyotungwa kwa kumlilia kijana mmoja yakamfariji mjane wa kifalme. Mwaka 1884 Tennyson aliingia katika baraza la makabaila, akiitwa Lord Tennyson.

Alikishika cheo cha umalenga miaka 42, na hapana aliyekishika muda mrefu kuliko yeye. Alifariki tarehe 6 Oktoba 1892, mwenye umri wa miaka 83, akazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey, mahali walipozikwa wafalme na washairi. Siku ya maziko watu wengi wakubwa walihudhuria. Lakini waliosimama kwa safu ndani ya kanisa, jeneza likipita, walikuwamo wazee wa kile kikosi cha wapanda farasi wa Balaklava, wale waliorudi wazima kutoka bondeni miaka 38 nyuma.