Hermann von Helmholtz na Siri ya Irabu

Mwanafunzi wa fonetiki hufunzwa mapema kwamba irabu hutofautiana kwa umbo la kinywa. Ni nadra kuambiwa kwamba mmoja wa walioifafanua kauli hiyo alikuwa daktari wa jeshi aliyependa piano.

Hermann von Helmholtz alizaliwa tarehe 31 Agosti mwaka wa 1821 mjini Potsdam, Prussia. Alitamani kusomea fizikia, lakini baba yake, mwalimu wa shule, hakuwa na uwezo. Hivyo alisomea utabibu mjini Berlin kwa gharama ya serikali, kwa sharti la kulitumikia jeshi baadaye. Tunaona kwamba uhitaji huo ndio uliomjenga: alilifahamu sikio kitabibu, mawimbi kifizikia, na muziki kwa vidole vyake. Mwaka wa 1851 alitangaza kifaa cha kutazamia ndani ya jicho, na hicho pekee kingalitosha kumpa sifa.

Hata hivyo, swali la sauti halikumpa utulivu. Kwa nini mwimbaji aweze kutoka /a/ hadi /u/ bila kupandisha wala kushusha sauti? Helmholtz alitumia matufe matupu, kila moja likiwa na tundu mbili, moja ikitiwa sikioni. Kila tufe liliitikia sauti ya kiwango chake tu. Kwa njia hiyo alionyesha kuwa sauti tunayoisikia kama moja ni mkusanyiko wa sauti nyingi, na kwamba kinywa, kama tufe, hukuza baadhi yake. Kisha akaenda kinyume: alivitetemesha kwa umeme vyuma vyenye umbo la uma, akachanganya milio yao hadi irabu zikasikika pasipo koo wala ulimi! /u/ na /o/ zilitii, /i/ ilimtatiza.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1863. Alexander Graham Bell, ambaye hakujua Kijerumani, alidhani Helmholtz alikuwa amepeleka irabu kwa waya. Haikuwa hivyo, ila dhana hiyo ilichangia safari yake kuelekea simu, aliyoipatia hataza mwaka wa 1876.

Kinachotuvutia zaidi ni mpaka aliojiwekea. Alishikilia kwamba ngazi za muziki hazitokani na maumbile pekee, bali pia na ladha ya jamii na zama. Alexander Ellis, aliyekitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka wa 1875, alipima ngazi za mataifa mbalimbali na mwaka wa 1885 akaeleza jinsi zilivyotofautiana. Helmholtz alifariki tarehe 8 Septemba mwaka wa 1894.