Paul Broca na Pande Mbili za Ubongo

Paul Broca alizaliwa tarehe 28 Juni, 1824, katika mji mdogo wa Sainte-Foy-la-Grande, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari, naye akiwa na umri wa miaka 17 alikwenda Paris kusomea uganga, hatimaye akawa mpasuaji mashuhuri.

Mwezi wa Aprili, 1861, katika hospitali ya Bicêtre, aliletewa mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye mguu wake uliopooza ulikuwa umeoza. Mtu huyo alikuwa amekaa humo miaka 21, na kila alipoulizwa jambo alijibu kwa silabi moja tu: tan. Wengi wangemdhania punguani. Lakini Broca alipomwuliza amekaa hospitalini miaka mingapi, alikunjua vidole vyake vitano mara nne, kisha akaongeza kimoja. Siku chache baadaye alifariki. Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta jeraha katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Mwaka ule ule alipata mgonjwa wa pili, aliyebakiwa na maneno machache tu, naye alikuwa na jeraha karibu mahali pale pale.

Broca hakuharakisha kukata shauri. Alizidi kukusanya mifano, na mwaka 1865 alieleza kwamba, kwa watu walio wengi, uwezo wa kusema hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo.

Haifai kuficha upande mwingine wa maisha yake. Broca alipima mafuvu mengi, akashikilia kwamba ukubwa wa ubongo ni kipimo cha akili, na kwa kipimo hicho akawaweka watu weusi na wanawake chini ya wanaume wa Kizungu. Sayansi imekwisha yakanusha maoni hayo. Alifariki tarehe 9 Julai, 1880, mwaka ule ule alioingia katika Seneti ya Ufaransa.

Tangu hapo imejulikana kwamba upande wa kulia nao una kazi kubwa, hasa katika kutambua sura, nafasi na mahadhi ya sauti. Ndiyo sababu baadhi ya watu waliopoteza usemi huweza bado kuimba. Hata hivyo, pande hizo mbili zimeunganishwa na nyuzi nyingi za neva, nazo hushirikiana katika karibu kila kazi. Kwa hiyo si sahihi kuwagawa wanafunzi kuwa wa ubongo wa kushoto na wa ubongo wa kulia. Kufanya hivyo ni kurudia kosa la kupima mafuvu kwa njia mpya.

Lililo muhimu kwetu walimu ni lile swali la Bicêtre. Mwanafunzi anyamazapo, tusihukumu mara moja kwamba hakuelewa. Tumpe nafasi ya kujibu kwa vidole, kwa mchoro, kwa wimbo au kwa kitendo, ndipo tumpime.