Roosevelt: Umaarufu uliojaza kumbi lakini ukashindwa kudumisha chama

JIONI ya Oktoba 14, 1912, Theodore Roosevelt alipigwa risasi kifuani mjini Milwaukee, Marekani, alipokuwa akielekea kuhutubia mkutano wa kampeni.

Risasi hiyo ilipunguzwa kasi na kasha la miwani pamoja na hotuba ya kurasa zipatazo 50 aliyokuwa ameikunja na kuitia mfukoni. Badala ya kwenda hospitalini, alipanda jukwaani na kuzungumza kwa zaidi ya saa moja huku shati lake likiwa na damu.

Majuma matatu baadaye, zaidi ya Wamarekani milioni nne walimpigia kura. Chama kilichompa tiketi kilikuwa na umri wa miezi mitatu tu.

Roosevelt alizaliwa New York mnamo Oktoba 27, 1858, katika familia ya kitajiri. Utotoni alisumbuliwa na pumu, akaukabili udhaifu huo kwa mazoezi makali. Februari 14, 1884, mamake na mkewe walifariki siku moja katika nyumba moja. Akiwa na majonzi, aliondoka mjini na kwenda kufuga ng'ombe katika nyika za Dakota.

Mnamo 1898 alipigana nchini Cuba dhidi ya Uhispania akiongoza wapiganaji wa kujitolea. Alirejea akiwa shujaa, na mwaka huo huo akachaguliwa gavana wa New York. Rais William McKinley alipouawa Septemba 1901, Roosevelt, aliyekuwa makamu wake, alitwaa uongozi akiwa na umri wa miaka 42. Hakuna rais mwingine wa Marekani aliyeingia madarakani akiwa na umri mdogo kuliko huo.

Aliposhinda uchaguzi wa 1904, aliahidi kutogombea tena. Alitimiza ahadi hiyo na mnamo Machi 1909 akamkabidhi hatamu rafiki yake, William Howard Taft.

Mwezi uliofuata alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, wakapanda gari la moshi hadi nyanda za Kapiti. Kwa miezi kadhaa waliwinda katika nchi ambayo leo ni Kenya, kisha wakapitia Uganda na Sudan. Wawili hao waliua wanyama na ndege zaidi ya 500, na wengi wao walihifadhiwa na taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Magazeti ya kwao hayakuacha kumwandika, na aliporejea New York mnamo Juni 1910 alilakiwa na umati mkubwa.

Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Akidai kuwa Taft alikuwa ameacha njia ya mageuzi, Roosevelt aliamua kuwania tena tiketi ya Republican mnamo 1912. Katika kura za mchujo alishinda majimbo tisa, likiwemo Ohio, nyumbani kwa Taft. Hata hivyo, kongamano la chama mjini Chicago lilidhibitiwa na wandani wa rais, na Taft akateuliwa.

Roosevelt alijiondoa na wafuasi wake, na mwezi wa Agosti, katika mji huo huo, wakaunda chama cha Progressive. Manifesto yao ilitaka wanawake wapige kura, siku ya kazi iwe ya saa nane, na wazee, wagonjwa na wasio na ajira wapewe bima.

Doa lilikuwapo pia. Kwa idhini ya Roosevelt, wajumbe weusi kutoka majimbo ya Kusini walizuiwa kushiriki kongamano hilo, kwa matumaini ya kuvuta kura za Wazungu. Hakushinda jimbo lolote la Kusini.

Matokeo yalithibitisha kuwa vita vya panzi ni neema kwa kunguru. Woodrow Wilson wa Democratic alinyakua urais kwa chini ya asilimia 42 ya kura. Roosevelt alipata asilimia 27 na majimbo sita, naye Taft, aliyekuwa rais, akaambulia asilimia 23 na majimbo mawili. Tangu hapo hakuna mgombea wa chama cha tatu nchini humo aliyewahi kushika nafasi ya pili.

Chama chenyewe hakikudumu. Katika uchaguzi wa bunge wa 1914, ambapo jina la Roosevelt halikuwa kwenye karatasi za kura, kiliangushwa vibaya. Mnamo 1916 kilimteua tena, lakini alikataa na kumuunga mkono mgombea wa Republican. Waliokuwa wameacha chama chao cha zamani kwa ajili yake waliachwa bila kiongozi, na Progressive ikasambaratika.

Roosevelt alifariki Januari 6, 1919, akiwa na umri wa miaka 60, risasi ya Milwaukee ikiwa bado mwilini. Haki ya wanawake kupiga kura iliingizwa katika katiba mnamo 1920. Bima ya wazee na wasio na ajira ilipitishwa 1935 chini ya jamaa yake wa mbali, Franklin Roosevelt, aliyechaguliwa kwa tiketi ya Democratic.