Aliyepotea jangwani na aliyepotea msikitini: Funzo la safari ya Ibn Battuta

Mwaka jana nilikuwa nikifundisha tafsiri ya Suratul Ghashiya katika madrasa hapa Misungwi. Tulipofika kwenye aya inayotutaka tumtazame ngamia jinsi alivyoumbwa, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono. Alitaka kujua watu walisafirije usiku jangwani, mahali pasipo na barabara wala taa, na ngamia alijuaje pa kwenda.

Watoto wetu wa Usukumani wanamjua ng'ombe kwa rangi na kwa pembe zake, lakini ngamia wamemwona kwenye picha tu. Nilimjibu kwamba nundu ya ngamia huhifadhi mafuta, si maji kama wengi wanavyodhani. Nikamweleza kwamba akifika kisimani akiwa na kiu kali anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja, na kwamba watu wa misafara walifuata nyota. Darasa likaendelea. Lakini niliporudi nyumbani niliona sikumjibu yule mtoto sawasawa, kwa sababu ngamia peke yake havuki jangwa. Nikarejea kwenye maisha ya mtu ambaye kila Mwislamu amelisikia jina lake, lakini wachache tumekaa tukaizingatia safari yake. Nilichokikuta humo kilinigusa mimi mwenyewe, na ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ibn Battuta, alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi wa madhehebu ya Imam Malik. Alitoka kwao mwezi Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, kwa nia ya kwenda Hijja. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuachana nao kulimuumiza sana. Alitoka peke yake, bila rafiki wa kumliwaza njiani. Kabla hajafika Tunis alishikwa na homa kali, akajifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba ili asianguke. Alipoingia Tunis, watu walitoka kuwalaki wenzake aliokuwa nao njiani, yeye asipate hata mmoja wa kumsalimia, kwa kuwa hakuna aliyemjua. Akalia. Hujaji mmoja alipoona machozi yake alimwendea, akamsalimia na kumchangamsha hadi walipoingia mjini.

Ndugu msomaji, naomba ukishike kisa hicho. Msafiri mkubwa kuliko wote wa zama zake alianza safari kwa kulia, na kilichomnyanyua ni salamu ya mtu asiyemjua.

Kutoka hapo alitembea takriban miaka 30. Alifika Misri, Sham, Iraq, India, ambako alikuwa Kadhi mjini Delhi, na visiwa vya Maldives, ambako pia alikuwa Kadhi. Kwetu Afrika Mashariki alifika yapata mwaka 1331, akapita Mogadishu na Mombasa hadi Kilwa, wakati wa Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu wake kwa masharifu na mafakiri. Wako wanazuoni wanaotilia shaka baadhi ya sehemu za simulizi zake, hasa za China. Lakini za pwani yetu na za jangwani zimekuwa tegemeo la wanahistoria mpaka leo.

MIENGE USIKU

Safari yake ya kwanza kubwa ya ngamia ilikuwa ya Hijja. Alitoka Damascus baada ya Ramadhani ya mwaka 726 Hijria, yaani Septemba 1326, pamoja na msafara wa mahujaji. Walipofika Tabuk walipumzika siku nne, wakawanywesha ngamia na kujaza viriba, kisha wakaingia jangwani wakienda usiku na mchana kwa kuhofia kipande kile cha njia. Walipita bonde ambalo miaka ya nyuma mahujaji waliangamia humo baada ya upepo wa moto kukausha maji yao. Siku hiyo ya maafa bei ya maji ya kunywa ilifika dinari 1,000, kisha muuzaji na mnunuzi wote wawili wakafa kiu.

Baada ya Hijja aliondoka Makka na msafara wa watu wa Iraq. Humo ndimo alimoona jambo ambalo mtu akilisoma halimtoki. Msafara ule ulikuwa na ngamia maalumu wa kuwabebea maji mafakiri, na ngamia wengine wa kubeba chakula cha sadaka na dawa za wagonjwa. Kila waliposimama, chakula kilipikwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, wakala wasiokuwa na chochote. Waliochoka wasiweze kutembea walipandishwa ngamia. Na kwa kuwa walisafiri usiku, mienge iliwashwa mbele ya safu za ngamia, jangwa likang'aa kama mchana.

Visima na mabwawa waliyokunywa katika njia ile vilikuwa athari ya Zubayda, mke wa Khalifa Harun Rashid, aliyefariki mwaka 831. Karibu miaka 500 baada ya mama huyo kuingia kaburini, hujaji fakiri alikuwa anakunywa maji kutokana na sadaka yake. Hiyo ndiyo sadakatun jaariya tunayoisikia kwenye mawaidha.

MTU ALIYEBAKI NYUMA

Safari iliyomfundisha jangwa hasa ilikuwa ya mwisho, alipovuka Sahara kwenda dola ya Mali. Wakati huo alikuwa amekwisha kupata habari za kufa kwa wazazi wake wote wawili, baba kwanza, na mama kwa maradhi ya tauni. Alinunua ngamia Sijilmasa, akatoka na msafara wa wafanyabiashara mwanzoni mwa Muharram 753, yaani Februari 1352. Baada ya siku 25 walifika Taghaza, mji wa machimbo ya chumvi, ambako nyumba na msikiti vilijengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Waliochimba chumvi ile walikuwa watumwa. Na miaka miwili baadaye yeye mwenyewe alirudi Morocco katika msafara uliokuwa na watumwa wanawake wapatao 600. Hili hatuwezi kulipita kimya, sisi ambao ardhi yetu ilipitiwa na misafara ya namna hiyo. Ibn Battuta hakuwa Mtume wala walii. Alikuwa mtu wa zama zake, tunachukua kwake lenye funzo na lenye dhulma tunaliita dhulma.

Mbele ya Taghaza kulikuwa na siku kumi za jangwa. Mwanzoni Ibn Battuta na wenzake walikuwa wakiutangulia msafara, wakipata mahali penye malisho wanasimama kuwalisha wanyama wao. Humo msafarani walikuwamo ndugu wawili, Ibn Ziri na Ibn Adi, mtu na binamu yake. Wakagombana, wakatukanana. Ibn Ziri akabaki nyuma kwa hasira, akapotea njia. Watu walipotua hapakuwa na habari zake.

Ibn Battuta alimshauri yule binamu aajiri mtu wa kabila la Massufa, mabingwa wa kufuata nyayo, akamtafute nduguye. Akakataa. Siku ya pili yake mmoja wa Massufa, asiye na undugu wowote na mpotevu, alijitolea kwenda bila malipo. Alizikuta nyayo, mara ziko njiani, mara zimeacha njia. Mwenyewe hakuonekana. Tangu siku hiyo Ibn Battuta hakuutangulia tena msafara wala hakubaki nyuma.

Njiani wakakutana na msafara mwingine uliopotelewa na watu wake. Mmoja wao wakamkuta amekufa chini ya kijiti kidogo mchangani, nguo zake zote mwilini, mjeledi mkononi. Maji yalikuwa umbali wa kama maili moja tu kutoka pale alipolala.

MOTO WA SIKU YA SABA

Kipande cha mwisho kuelekea Walata ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Upepo unahamisha mchanga, leo kuna kilima hapa, kesho kiko kule, na njia haionekani. Joto lilikuwa kali, kwa hiyo waliondoka baada ya swala ya Alasiri, wakatembea usiku kucha na kutua asubuhi. Wanaosoma Hadithi watakumbuka kuwa Mtume (s.a.w.) aliwausia wasafiri watembee usiku, kwani ardhi hukunjwa wakati huo.

Aliyewaongoza gizani alikuwa mtu mwenye chongo, na jicho lake la pili lilikuwa na maradhi. Hata hivyo hakuna aliyeijua njia kumshinda. Msafara mzima wa watu wenye macho mawili mazima ulimfuata yeye, kwa kuwa walitazama ujuzi wake na hawakuitazama sura yake.

Lakini kiongozi pekee hakutosha, kwa sababu maji waliyobeba yasingewafikisha. Kabla ya kuingia kipande hicho, misafara ilimwajiri mtu aliyeitwa takshif, na msafara huu ulimlipa mithqali 100 za dhahabu. Kazi yake ilikuwa kutangulia peke yake hadi Walata na barua za wasafiri kwa rafiki zao wa huko, ili watoke mwendo wa siku nne kuwalaki na maji. Asiyekuwa na rafiki aliandika barua kwa mfanyabiashara anayejulikana kwa wema, naye humfanyia hivyo hivyo. Takshif akifa njiani, watu wa Walata hawapati habari, na msafara huangamia wote au wengi wao. Usiku wa siku ya saba waliona kwa mbali mioto ya watu waliokuja kuwalaki na maji, wakafurahi furaha kubwa.

Alirudi Morocco, na Desemba 1355 kitabu cha safari zake kikakamilika mjini Fes kwa mkono wa mwandishi Ibn Juzayy, kwa amri ya Sultani Abu Inan. Akamalizia umri wake akiwa Kadhi, akafariki yapata mwaka 1368.

NA SISI JE?

Sasa nirudi Misungwi. Miaka michache iliyopita, katika jamaa ninayoswali nayo, ndugu wawili, watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, walikosana kwa hesabu za mchango wa kisima cha msikiti. Maneno yakawa makali mbele ya watu. Mmoja akaacha kuja. Wiki ya kwanza tulisema ana hasira, atarudi. Mwezi wa pili tukasema ni mkaidi. Baada ya hapo hatukusema kitu. Swala ziliendelea, mihadhara ikaendelea, na katika mihadhara hiyo mimi mwenyewe nilizungumzia umoja wa Waislamu na wajibu wa kushikamana na kamba ya Allah (s.w.). Nyumba ya mtu yule ni mwendo wa dakika kumi kutoka pale ninapofundisha.

Niliposoma tena habari za yule maiti na maji yake ya maili moja, niliona aibu. Tulimtazama binamu yake, tukasema ugomvi ni wao. Hakupatikana hata Massufa mmoja kati yetu wa kufuata nyayo bila malipo.

Ndugu zangu, hasa mlioko mijini, leo hujaji anapanda ndege, anakula angani na kushuka Jeddah au Madina kwa muda wa saa chache. Alhamdulillah. Lakini wepesi huo umetusahaulisha kwamba dini hii ilisafiri kwa jamaa. Mtume (s.a.w.) ameagiza hata watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao awe amiri. Sisi tunao maamiri wa kamati tele, lakini ngamia wa maji ya mafakiri yuko wapi katika msafara wetu? Kijana aliyehamia Mwanza au Dar es Salaam kutafuta maisha, anaswali safu ya nyuma na kuondoka bila kusalimiwa, ana tofauti gani na Ibn Battuta pale Tunis? Na yule aliyebaki nyuma kwa hasira, tunamngoja arudi mwenyewe hadi lini?

Sisi wa wilaya hii tunajua maana ya kupeleka maji kwa walio mbali. Maji ya ziwa yanavutwa Ihelele, ndani ya Misungwi, yakapelekwa hadi Shinyanga na Kahama. Kama maji yanaweza kufika huko, salamu inashindwaje kuvuka mtaa?

Nilikwenda kwa yule ndugu yetu Alhamisi moja baada ya Magharibi. Alinikaribisha, akaniagizia chai, akaniuliza khabari za madrasa. Kuhusu kisima hakutaka kuzungumza, nami sikumlazimisha. Msikitini bado hajarudi. Lakini wiki iliyofuata alimleta mwanawe darasani, na mimi sijaacha kwenda kwake. Yule mwanafunzi aliyeniuliza kuhusu ngamia nimemrudishia jibu: usiku jangwani watu hufika kwa sababu wako wanaowangoja mbele na moto, na wako wanaogeuka nyuma kumtazama aliyechelewa.

Allah (s.w.) atujaalie tuwe miongoni mwao. Amin.