Thomas Edison: Bwana wa Taa Aliyeshindwa na Gari

Jina la Thomas Alva Edison halihitaji mpiga mbiu. Mtoto yeyote aliyekaa darasani amefundishwa kwamba huyu ndiye bwana wa taa ya umeme, na ni kweli, ingawa walikuwapo wengine walioitafuta taa hiyo wakati mmoja naye. Lakini ipo kazi nyingine ya mzee huyu isiyosimuliwa sana, kazi iliyomla karibu miaka kumi na mali isiyokuwa kidogo. Edison alitaka magari yaende kwa umeme badala ya petroli. Aliitafuta betri ya kuyaendesha, akaipata, na juu ya hayo akashindwa. Sasa dunia inarudi kwenye njia ile ile aliyoipigania, na ndiyo sababu tumeona inafaa kuyaeleza maisha yake kwa upande huu.

KIJANA WA GARIMOSHI

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka saba wazazi wake walihamia Port Huron, Michigan. Shuleni hakudumu. Mama yake, Nancy, aliyewahi kuwa mwalimu, alimtoa akamsomesha mwenyewe nyumbani. Alipotimia miaka 12 akaanza kuuza magazeti na peremende ndani ya garimoshi lililokwenda Detroit. Tangu ujana wake masikio yalikuwa mazito, na uziwi huo ulizidi kadiri alivyokua. Wengine wangeuona msiba. Yeye aliufanya pazia la kumkinga na makelele ya watu apate kufikiri.

Kutoka kwenye garimoshi alijifunza kupeleka habari kwa nyaya za simu, na kazi hiyo ndiyo iliyomtia mapenzi ya umeme. Mwaka 1876 alifungua maabara yake Menlo Park, New Jersey. Mwaka uliofuata alitoa chombo cha kunasa sauti ya mtu na kuirudisha. Biashara ya santuri iliyochipuka kutokana na uvumbuzi huo ndiyo iliyokuja kumfikisha Siti binti Saad wa Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kunaswa sauti yake. Mwaka 1879 Edison aliipata taa iliyowaka kwa saa nyingi bila kukatika, na tarehe 4 Septemba 1882 kituo chake cha mtaa wa Pearl, New York, kilianza kuuzia watu umeme.

Sifa hizo zisitufiche aibu zake. Alikuwa mkaidi, aliwafanyisha wafanyakazi wake kazi usiku na mchana, na familia yake ilimwona kwa nadra. Mwaka 1884 aliajiriwa kwake kijana aliyeitwa Nikola Tesla, ambaye hakumaliza mwaka mzima akaondoka. Baadaye palizuka ushindani mkali juu ya aina ya umeme utakaotumika mijini, na aina aliyoitetea Tesla ndiyo iliyoshinda ile ya Edison. Tutalirudia jina la Tesla mbele.

MAGARI YA AINA TATU

Karne ya 20 ilipoanza, hakuna aliyejua gari la kesho litakwenda kwa nguvu gani. Katika mwaka 1900 Marekani ilitengeneza magari 4,192. Kati ya hayo, 1,681 yalikwenda kwa mvuke, 1,575 kwa umeme, na 936 tu ndiyo yaliyotumia petroli. Mwaka mmoja kabla, huko Ufaransa, Mbelgiji aitwaye Camille Jenatzy aliendesha gari la umeme kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na hapakuwa na gari lolote lililokuwa limefika mwendo huo.

Gari la petroli la siku hizo lilikuwa na adha zake. Lilinguruma, lilitoa moshi na harufu, na kuliwasha ilibidi mtu asimame mbele azungushe hendeli kwa nguvu. Hendeli ikirudi nyuma ghafla huvunja mkono. Gari la umeme liliwashwa kwa kubonyeza tu, likaondoka kimya kimya. Wenye maduka walilipenda kwa kupelekea bidhaa mitaani, na mabibi wa mijini walilipenda kwa matembezi.

Ila lilikuwa na ila moja kubwa, nayo ni betri. Betri ya wakati huo, iliyotokana na kazi ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859, ilikuwa ya risasi na asidi. Risasi ni nzito kama dhambi, na asidi huvila vyuma vilivyo karibu nayo. Gari lilibeba mzigo wa betri kuliko abiria, na baada ya safari fupi lilihitaji kurudi kutiwa umeme.

EDISON AINGIA KAZINI

Wakati huo Edison alikuwa ametoka kwenye hasara. Kwa miaka mingi alikuwa amemwaga fedha katika mgodi wa chuma huko New Jersey, na mradi ukafa. Mtu mwingine wa umri wake, aliyekwisha pita miaka 50, angekaa kitako ale matunda ya taa yake. Yeye alianza upya. Mwaka 1901 aliunda kampuni ya kutengeneza betri, kwa nia ya kuondoa risasi na asidi kabisa.

Alijaribu madini ya kila namna, na majaribio yake yakafika maelfu. Mwisho alishika nikeli na chuma, vilivyotiwa ndani ya maji ya potasi, jamii ya magadi makali, ambayo hayali chuma kama asidi. Huko Sweden mhandisi Waldemar Jungner naye alikuwa njia hiyo hiyo, na wawili hao walivutana juu ya haki ya uvumbuzi. Edison alikwenda hadi Sudbury, Canada, kutafuta nikeli yake mwenyewe. Akachimba, akakutana na mchanga unaodidimia, akakata tamaa. Miaka ilipopita watu wengine waliikuta nikeli tele katika eneo lile lile la Falconbridge.

Betri zake za kwanza zilitoka kiwandani kwa vishindo. Magazeti yalikwisha tangaza kwamba bwana wa taa ameliponya gari la umeme. Waswahili twasema haraka haraka haina baraka, na hapo ndipo ilipojidhihirisha. Betri zikaanza kuvuja, na nyingine nguvu zake zikapungua kabla ya wakati. Mwaka 1904 Edison alikuwa na njia mbili. Angeweza kunyamaza aendelee kuuza, kwani wateja walikuwapo. Au angeweza kukiri mbele ya dunia kwamba bidhaa yenye jina lake ni mbovu. Alichagua ya pili. Alisimamisha kiwanda, akazirudisha betri zilizokwisha uzwa, hasara ikawa juu yake, akaingia tena maabara.

Alikaa humo miaka mitano. Mwaka 1909 alitoka na betri mpya, na safari hii ilikuwa betri kweli. Ilistahimili mitikisiko, ilistahimili kuachwa bila umeme, na umri wake ulihesabiwa kwa miaka mingi. Magari ya Detroit Electric yaliyofungwa betri hiyo yalitangazwa kuwa huenda takriban kilomita 130 kabla ya kutiwa umeme tena.

RAFIKI AMZUNGUKA

Lakini chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika miaka ile mitano mambo yalikuwa yamegeuka, na aliyeyageuza alikuwa rafiki yake mwenyewe.

Mnamo mwaka 1896 Henry Ford alikuwa mhandisi mkuu katika kampuni ya umeme ya Edison huko Detroit. Kwa saa zake za mapumziko alikuwa amejiundia kigari cha petroli. Mwaka huo huo alikutanishwa na Edison katika karamu New York. Kama Ford alivyokuja kusimulia, mzee alimwuliza maswali mengi, kisha akapiga meza kwa ngumi na kumhimiza asiiache kazi hiyo, kwa kuwa gari la petroli hujibebea nguvu zake lenyewe wala halifungwi na kituo cha umeme. Ford hakuusahau wema huo maisha yake yote.

Mwaka 1908 Ford alitoa gari lake la Model T kwa dola 850. Tangu mwaka 1913 aliliunda kwa mtindo wa kupitisha gari mbele ya mafundi, kila fundi na kazi yake, na bei ikawa inashuka mwaka hata mwaka hadi ikapungua dola 300. Mafuta nayo yalikuwa yamefumka kwa wingi Texas tangu mwaka 1901, petroli ikawa rahisi. Mkulima wa bara, ambaye nyumbani kwake hapakuwa na hata taa moja ya Edison, aliweza kununua debe la petroli dukani. Hata kufika miaka ya 1930, mashamba tisa katika kila kumi ya Marekani hayakuwa na umeme. Gari la umeme lingekwenda wapi?

Pigo la mwisho lilitoka katika umeme wenyewe. Mwaka 1912 magari ya Cadillac yalianza kutiwa stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Hendeli ikaaga. Ile adha kubwa iliyowafanya watu wapende gari la umeme ikaondolewa na mota ndogo na betri ndogo iliyowekwa ndani ya gari la petroli.

Edison na Ford walijaribu kushirikiana. Mwaka 1914 Ford alitangaza kwamba wataunda gari la umeme la bei nafuu lenye betri za Edison. Magari machache ya majaribio yaliundwa, na mpango ukafa. Betri ya nikeli na chuma ilikuwa ghali, na nguvu zake zilizorota wakati wa baridi kali. La kuchekesha ni kwamba mke wa Ford, Bi. Clara, mwenyewe alikuwa akitembelea gari la umeme la Detroit Electric.

Tarehe 9 Desemba mwaka huo huo moto uliteketeza majengo mengi ya kiwanda cha Edison huko West Orange. Alikuwa na miaka 67, na alianza kujenga upya mara moja. Betri zake, zilizokataliwa na magari, zilipata kazi nyingine: katika malori ya kupelekea bidhaa mijini, katika taa za wachimba migodi, na katika ishara za reli. Zilimletea faida nzuri, na ziliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1970. Edison alifariki tarehe 18 Oktoba 1931, akiwa na miaka 84. Siku tatu baadaye Wamarekani walipunguza taa zao kwa muda kumkumbuka. Barabarani, magari yaliyopita gizani yalikuwa ya petroli.

HESABU YA LEO

Aliyoyaacha Edison yalichukuliwa na wengine. Katika miaka ya 1970 kampuni ya mafuta ya Exxon ilimweka mwanasayansi Stanley Whittingham kutafuta betri mpya, na humo ndimo ilimoanzia betri ya lithiamu. Mwaka 2019 Whittingham, John Goodenough na Akira Yoshino walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Betri hiyo ni nyepesi, nayo hubeba nguvu nyingi kuliko zote za zamani. Mwaka 2024 magari ya umeme yaliyouzwa duniani yalipita milioni 17, zaidi ya gari moja katika kila matano mapya. Norway, nchi ya baridi kali, karibu magari tisa katika kila kumi mapya ya mwaka huo yalikuwa ya umeme. Na mojawapo ya kampuni mashuhuri za magari hayo, iliyoundwa mwaka 2003, inaitwa Tesla, kwa jina la yule kijana aliyeondoka kwa Edison.

Sisi wa pwani jambo hili latugusa. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichofunguliwa mwaka 1963, kiliacha kusafisha mwaka 2013, na petroli ya Kenya hushushwa Kipevu ikiwa tayari. Bei ikipanda ng'ambo, nauli hupanda Mombasa na samaki akapanda nayo. Umeme wa Kenya, kwa upande mwingine, sehemu kubwa hutoka humu humu, kwa mvuke wa Olkaria, mito, na upepo. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022. Si kwamba gari la umeme halina deni. Bei yake bado ni kubwa kwa mtu wa kawaida, vituo vya kuchaji ni haba, na kobalti ya betri nyingi hutoka Kongo, ambako wapo wanaoichimba kwa mikono katika mashimo ya hatari.

Edison alishindwa sokoni, na miaka mitano aliyoitumia kurekebisha kosa lake ndiyo iliyompotezea nafasi. Lakini aliyenunua betri yake ya mwaka 1909 alipata kitu cha kudumu. Wanaotuuzia magari ya umeme leo, na wanaotuahidi kwamba yatatuokoa na bei ya petroli, na wapimwe kwa kipimo hicho: betri ikivuja, nani atakayeirudisha?