Jon Postel

Jonathan Bruce Postel (6 Agosti 1943 – 16 Oktoba 1998) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta nchini Marekani. Anakumbukwa kwa kazi mbili: alikuwa mhariri wa nyaraka ziitwazo RFC, zinazoeleza kanuni za kazi za intaneti, tena alikuwa mtunzaji wa orodha za namba na majina yanayotumika katika mtandao huo. Kazi hizo alizifanya kwa karibu miaka 30, tangu mtandao ulipokuwa na kompyuta chache za vyuo vya Marekani hadi ulipofika Afrika ya Mashariki.

Jina lake halitajwi mara nyingi kama majina ya matajiri wa kompyuta. Hata hivyo, utaratibu wa kusahihisha kazi ya pamoja kwa kuandikiana, ambao leo unatumiwa na watengenezaji wa programu huria duniani kote, ulikomaa kwa sehemu kubwa mikononi mwake.

Maisha ya awali

Postel alizaliwa Altadena, jimbo la California. Alisoma sekondari ya Van Nuys, Los Angeles, shule ileile waliyosoma Vint Cerf na Steve Crocker, ambao baadaye walifanya naye kazi. Aliendelea katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), akapata shahada ya kwanza ya uhandisi mwaka 1966, ya uzamili mwaka 1968 na ya uzamivu katika sayansi ya kompyuta mwaka 1974.

Mwaka 1969, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa katika kundi la UCLA lililounganisha kompyuta ya kwanza katika ARPANET, mtandao uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ujumbe wa kwanza ulipita tarehe 29 Oktoba 1969 kati ya UCLA na taasisi ya utafiti ya SRI. Mashine za vyuo mbalimbali hazikuwa za aina moja, kwa hiyo ilibidi watu wakubaliane namna zitakavyozungumza. Kazi hiyo iliachiwa wanafunzi.

Nyaraka za RFC

Waraka wa kwanza uliandikwa na Crocker tarehe 7 Aprili 1969. Vijana wale hawakupewa mamlaka ya kuamuru mtu, nao walihofia kuonekana wanajitwalia madaraka. Kwa sababu hiyo waraka uliitwa ombi la maoni, na kifupi chake cha Kiingereza, RFC, kimebaki hadi leo. Jina hilo la unyenyekevu lilisaidia sana. Aliyeupokea waraka hakuona sheria mbele yake, aliona rasimu anayoweza kuijibu.

Mwanzoni nyaraka hizi zilichapwa kwenye karatasi na kutumwa kwa posta. Baruapepe ilipoanza kutumika, majadiliano yalihamia kwenye orodha za anwani: mtu mmoja anaandika, wote waliomo kwenye orodha wanapokea, na yeyote anaweza kujibu. Aliyegundua kwamba kifungu fulani kinaeleweka kwa namna mbili, au kwamba programu iliyoandikwa kwa kufuata kifungu hicho inakwama, alieleza kosa na kupendekeza rekebisho. Hakuulizwa cheo chake. Aliulizwa kama maelezo yake ni sahihi.

Postel ndiye aliyepokea maandishi hayo, akayasoma, akayarudisha kwa mwandishi yakiwa na alama za masahihisho, na hatimaye akayapa namba. Waliowahi kusahihisha rundo la insha usiku watatambua uzito wa kazi hiyo: nyingi yake haionekani, na ikifanywa vizuri sifa inakwenda kwa mwandishi. Yeye mwenyewe aliandika au alishiriki kuandika RFC zaidi ya 200.

Kulikuwa na kanuni moja iliyolindwa kwa uthabiti: RFC ikishachapishwa haibadilishwi hata herufi moja. Kosa likionekana, hutolewa waraka mpya wenye namba mpya, na orodha huonyesha kwamba ule wa zamani umebadilishwa na huu. Hivyo anayetaka kujua kwa nini jambo fulani limekuwa hivi anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua, akaona kosa na dawa yake. Nyaraka zote zilitolewa bure, na mtu yeyote aliruhusiwa kuzisoma na kuzitumia kuandika programu.

Itifaki alizohariri

Kuanzia Machi 1977 Postel alifanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Habari (ISI) ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, na alibaki hapo hadi kufa. Septemba 1981 zilitoka chini ya uhariri wake RFC 791, 792 na 793, na Agosti 1982 ikafuata RFC 821 inayohusu baruapepe. Humo ndimo ulimo msingi wa intaneti.

Kazi yake inaeleweka kwa mfano wa barua. Tuseme mtu wa Nairobi anamwandikia ndugu yake Matombo, kwenye milima ya Uluguru, naye anagawa maneno yake katika bahasha 20. IP (RFC 791) ni kanuni ya kuandika anwani juu ya kila bahasha ili kila posta njiani ijue pa kuipeleka; haiahidi kwamba itafika. TCP (RFC 793) ni makubaliano ya watu wawili walioko kwenye ncha mbili: bahasha zinapewa namba, mpokeaji anajulisha alizopata, na isiyofika inatumwa tena. ICMP (RFC 792) ni ile taarifa inayorudi kusema kwamba njia imefungwa au anayetafutwa hapatikani. Hapo awali kazi ya IP na ya TCP zilikuwa katika itifaki moja. Mwaka 1977 Postel aliandika kwamba kuzichanganya ni kosa na kwamba zitenganishwe. Zilitenganishwa. Ndiyo sababu barabara ya mtandao inaweza kubadilishwa, kutoka waya wa simu hadi setilaiti au mnara wa simu za mkononi, bila kuandika upya programu zilizoko kwenye ncha.

Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET iliacha itifaki yake ya zamani na kuhamia TCP/IP, kwa kufuata mpango alioutoa Postel katika RFC 801 ya Novemba 1981.

Kujaribu na kurekebisha

Waraka mzuri hautoshi kama programu mbili zilizoandikwa na watu wawili haziwezi kuelewana. Katika miaka ya kwanza ya TCP njia ya kujua nani amekosea ilikuwa kuzikutanisha programu zote. Postel alisaidia kuandaa mikutano ya majaribio, na kanuni zake alizichapisha Septemba 1987 katika RFC 1025. Zimeandikwa kama mashindano ya shule. Programu inayoweza kuzungumza na yenyewe inapata alama kidogo. Inayoweza kufungua mazungumzo na programu ya mwingine, kupeleka maneno na kuyafunga kwa utaratibu, inapata zaidi. Na zipo alama za ziada kwa anayetuma pakiti mbovu kwa makusudi ili kuona ya mwenzake itaanguka au la.

Jambo la maana katika majaribio hayo ni kwamba kosa lililogunduliwa halikuwa lazima liwe la programu. Pengine waraka wenyewe ndio uliokuwa na pengo, nao ukarekebishwa. Wataalamu waliozoea kutii kitabu waliona ajabu.

Kutoka katika uzoefu huo Postel aliandika kanuni inayoitwa kwa jina lake, ambayo imo tayari katika toleo la mwaka 1980. Inaelekeza kwamba programu iwe makini sana katika inachotuma, lakini iwe mvumilivu kwa inachopokea kutoka kwa wengine. Kanuni hiyo iliwezesha programu nyingi zenye dosari ndogondogo kuendelea kuwasiliana wakati mtandao ulipokuwa mchanga. Baadaye ilipingwa. Wakosoaji walionyesha kwamba uvumilivu huficha makosa: programu mbovu ikipokelewa bila malalamiko, mwenye nayo hajui kwamba anakosea, na baada ya miaka kosa lake huwa desturi ambayo wote wanalazimika kuifuata. Hoja hizo zimekusanywa katika RFC 9413 ya Juni 2023. Pande zote mbili zina haki yake, na inafaa kukumbuka kwamba Postel aliandika kwa ajili ya watu waliofahamiana na kusahihishana karibu kila wiki.

Mtunza orodha

Mwezi Mei 1972, katika RFC 349, Postel alipendekeza awepo mtu mmoja wa kugawa namba ili programu mbili zisidai namba moja. Kazi ikamwangukia yeye. Baadaye ilipewa jina la IANA, ingawa kwa miaka mingi ofisi hiyo ilikuwa ni Postel pamoja na wasaidizi wachache wa ISI, hasa Joyce Reynolds.

Majina ya vikoa yalipoanza, ilitakiwa kuamua kila nchi ipewe herufi gani. Postel hakutaka kuwa hakimu wa ipi ni nchi na ipi si nchi, kwa hiyo alichukua orodha ya herufi mbilimbili iliyokuwa tayari imewekwa na shirika la viwango la kimataifa, ISO 3166. Katika RFC 1591 ya Machi 1994 alieleza kwamba msimamizi wa kikoa cha nchi ni mdhamini tu, anayewajibika kwa wananchi wake na kwa watumiaji wote wa mtandao, na kwamba wanaogombana kwanza wapatane wenyewe.

Kwa utaratibu huo kikoa cha Kenya, .ke, kiliingizwa mwaka 1993, kikiwa chini ya Shem Ochuodho, huku Randy Bush wa Marekani akisaidia upande wa ufundi. Kikoa cha Uganda, .ug, na cha Tanzania, .tz, vilifuata mwaka 1995. Cha Tanzania kilisimamiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye kikahamia tzNIC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2006. Cha Kenya kilihamia KeNIC mwaka 2002. Zaire ilipobadilika kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, kilianzishwa kikoa cha .cd, na .zr ya zamani ikaondolewa mwaka 2001, wenye tovuti wakiwa wamepata muda wa kuhama. Hakuna mkataba wa kiserikali uliotiwa sahihi kwa mstari mmojammoja wa orodha hiyo. Hata leo, anayefungua tovuti ya .tz kwa simu akiwa Matombo hufikishwa huko kwa kufuata orodha ambayo Postel ndiye aliyeipangia utaratibu.

Mgogoro wa mwaka 1998

Utaratibu unaotegemea uaminifu wa mtu mmoja ulifaa mtandao ulipokuwa mdogo. Fedha zilipoingia, swali la nani hasa ni mwenye orodha halikukwepeka. Kampuni ya Network Solutions, yenye mkataba na serikali ya Marekani, ilianza mwaka 1995 kutoza ada kwa majina kama ya .com, na ndiyo iliyotunza nakala kuu ya orodha ya vikoa.

Tarehe 28 Januari 1998 Postel aliwaandikia baruapepe waendeshaji wa seva nane kati ya zile zinazotangaza orodha hiyo duniani, akiwaomba waichukue kwenye kompyuta ya IANA badala ya ile ya Network Solutions. Wote nane walikubali. Kwa muda mfupi mtandao ukawa na vyanzo viwili, ingawa yaliyomo yalikuwa yaleyale na watumiaji hawakuona tofauti. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Bill Clinton, alitaka jambo hilo likome mara moja, na Postel aliwaomba waendeshaji warudi kama awali. Alisema lilikuwa jaribio tu.

Wapo wanaoliona tendo hilo kuwa la hatari, kwa kuwa hakumwomba mtu ruhusa. Wengine wanasema alionyesha wazi kwamba mtandao ulisimama juu ya hiari ya waendeshaji wake kuliko juu ya mkataba wa kampuni. Maelezo ya jaribio pekee ni magumu kuyakubali, kwa kuwa lilifanyika siku chache kabla ya serikali kutoa mapendekezo yake kuhusu usimamizi wa majina. Matokeo yalikuwa kuundwa kwa ICANN, shirika lililosajiliwa California Septemba 1998 ili lichukue kazi za IANA. Postel alishiriki kuliandaa.

Kifo na kumbukumbu

Postel alifariki Los Angeles tarehe 16 Oktoba 1998, akiwa na umri wa miaka 55, kwa matatizo yaliyofuata upasuaji wa moyo. ICANN ilikuwa na umri wa wiki chache tu. Vint Cerf aliandika tanzia iliyochapishwa siku iliyofuata kama RFC 2468, yaani katika mfululizo uleule aliouhariri marehemu. Uhariri uliendelezwa na Joyce Reynolds na Bob Braden.

Wenzake walimweleza kuwa mtu mpole, mwenye ndevu ndefu na viatu vya wazi, aliyependa kutembea kwa miguu katika milima ya Sierra Nevada. Tangu 1999 jumuiya ya intaneti, Internet Society, hutoa tuzo ya kila mwaka kwa jina lake. Ya kwanza alipewa yeye mwenyewe baada ya kufa. Miongoni mwa Waafrika walioipata ni Nii Quaynor wa Ghana mwaka 2007 na Pierre Ouédraogo wa Burkina Faso mwaka 2012.

Waraka wake wa baruapepe, RFC 821, ulibadilishwa na RFC 2821 mwaka 2001, na huo ukabadilishwa na RFC 5321 mwaka 2008. Waraka wa TCP ulidumu zaidi: RFC 9293, inayokusanya masahihisho ya miaka 40, ilichukua nafasi ya RFC 793 mwezi Agosti 2022. Zile za zamani bado zinasomwa bure, kama alivyoziacha.